Nyumba ya Milango Isiyofanana

Februari 3

Dada yangu,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa kwanza. Kamati ya Majengo ya Kale imeikubali nyumba ya Babu. Itahifadhiwa, paa litatengenezwa kabla halijatushukia kichwani, na hakuna tena mwenye ubavu wa kuibomoa, hata yule mwenye duka la matairi anayeimezea mate kila akipita.

Sharti ni moja. Kamati haitaki jumba tupu linalonuka vumbi. Inataka nyumba ya familia yenye mtu wa familia ndani yake, mtunzaji mwenye uwezo wa kuiangalia nyumba na kuwatembeza wageni kila Jumamosi. Nimeandika kwamba ni wewe, maana nani mwingine? Wakiona mtunzaji hawezi kazi wataweka mtu wao, nasi tutakuwa tunaingia kwa Babu kwa kupiga hodi na kusubiri kufunguliwa.

Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia ya nyumba, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Wewe ulikaa na Babu hadi mwisho. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na siku hizi nikija naja asubuhi naondoka jioni, tena mwaka jana sikuja kabisa. Ni mwalimu wa historia ninayejua sababu za vita vya watu nisiowajua, lakini sijui kwa nini mlango wa jikoni una vioo na wa sebuleni hauna. Niandikie kila unachokumbuka.

Mwezi huu atakuja msanifu majengo kupima. Ni binti mdogo ila wanamsifu sana. Mpokee vizuri, na tafadhali usimtanie siku ya kwanza.

Na lile suala la wewe kuja kukaa kwangu liko pale pale. Chumba kipo, kimejaa madaftari ya wanafunzi tu.

Mdogo wako,
Kiroboto


Februari 18

Kiroboto,

Marahaba. Nilikuwa nimesimama na sikuanguka, kwa hiyo acha kunizeesha. Nakuandikia kwa taipureta kwa sababu mwandiko wangu siku hizi umekuwa wa kuku. Vidole vya mpiga chapa havistaafu, hata mwenyewe akistaafu. Zile bahasha ulizoniachia zenye anwani yako bado ninazo.

Msanifu wako amekuja. Anashika futi kamba asubuhi hadi jioni, nadhani analala nayo. Siku ya kwanza sikumtania. Siku ya pili nilimuuliza kama ana mchumba au ana futi kamba tu, akacheka, tukawa marafiki.

Haya, andika. Babu alikuwa seremala wa milango. Alipooa alijenga chumba kimoja na jiko, basi. Kila mtoto alipozaliwa aliongeza chumba ubavuni mwa kile cha mwisho, ndiyo maana nyumba ni ndefu kama treni na korido moja inapita mbele ya vyumba vyote. Kiwanja kina mteremko na Babu alikataa kukichimba, alisema ardhi ilifika hapo kabla yake. Basi kila chumba kiko chini kidogo ya kilichokitangulia, na kila kizingiti kina kimo chake. Milango haifanani kwa sababu kila mmoja umetokana na mbao zilizobaki kwenye kazi ya mteja. Wa jikoni una vioo kwa kuwa ulikuwa wa duka la dawa, mwenye duka akabadili mawazo. Wa chumba cha mama yetu ni mzito mpaka leo kuusukuma ni kazi, maana mwaka aliozaliwa mama Babu alikuwa anatengeneza milango ya mahakama. Watu walimcheka kwamba fundi wa milango hana milango miwili inayolingana kwake. Yeye akawajibu nyumba njema si mlango, waingie ndani wamwone mkewe.

Sasa huyu binti anataka kuondoa vitu anavyoviita nyongeza. Mwambie hapana. Yale mabenchi mawili mafupi ya korido ni ya Babu. Siku walizonuniana, yeye alikaa kwenye moja na Bibi kwenye jingine, na hakuna aliyeinuka hadi mmoja acheke. Kamba ya uani, inayotoka mlango wa nyuma hadi bafuni, ndiyo Babu aliyopimia mstari wa ukuta, akaiacha makusudi. Na vizibo vya soda vilivyopigiliwa kwenye fremu za milango, kimoja huku, viwili kule, vitatu kwangu, ni hesabu ya watoto, chumba kwa chumba. Kabati la korido nalo halijasogezwa tangu enzi hizo. Kitu chochote kisisogezwe. Hilo liandike kwa herufi kubwa.

Kuhusu chumba chako, asante. Kaa nacho.

Dada


Machi 9

Dada,

Shikamoo tena. Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kamba siikumbuki wala vizibo sivikumbuki, lakini mimi nilikuwa kiroboto, na kiroboto haangalii juu. Nimeandika kila kitu kama ulivyosema. Mwenyekiti wa Kamati, jaji mstaafu asiyecheka hata akitekenywa, aliposoma habari ya mabenchi alivua miwani akajifuta macho. Amesema nyumba nyingi zina kuta, ila hii ina watu.

Nimewasomea na wanafunzi wangu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesinzia.

Herufi zako zinafifia, Dada. Badilisha utepe wa wino. Na Juni Kamati inakaa kwa mara ya mwisho kuthibitisha historia na mtunzaji. Baada ya hapo tunapumua.

Kiroboto


Aprili 12

Mwalimu,

Salamu nyingi. Nimemaliza kuipima nyumba na ningependa tuzungumze mapema, kabla ya kikao.

Mengi aliyosema dada yako nimeyakuta kwenye nyumba yenyewe. Mlango wa jikoni bado una matundu ya bawaba za mahali pengine, na mteremko wa vizingiti unafuata ardhi kama alivyoeleza. Babu yenu alikuwa fundi wa kuheshimiwa, na nimefurahi kila siku niliyokaa mle.

Lakini kamba ya uani ni ya nailoni, ya buluu, mpya. Mabenchi yameundwa kwa mbao za kreti na skrubu ambazo bado zinang'aa. Vizibo havijashika hata kutu. Hakuna kati ya vitu hivyo kinachoweza kuwa cha enzi za babu yenu, na ndani ya Kamati yupo mjumbe ambaye kazi yake ni kuuliza maswali ya namna hiyo. Historia ikionekana ina chumvi sehemu moja, wataitilia shaka yote.

Sidhani dada yako ana nia mbaya. Amenipokea kama mwanawe. Huenda kumbukumbu zimechanganyika. Nakuomba umuulize wewe, maana mimi nikimuuliza anageuza maneno kuwa utani, na nabaki nacheka bila jibu.

Msanifu


Aprili 19

Dada,

Shikamoo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye nailoni.

Nailoni, Dada. Babu alipimia ukuta kwa kamba ya nailoni. Na mimi, mwalimu wa historia, nimeliandika hilo, nimelitia sahihi, nimewasomea watoto wa watu. Jaji amelia kwa ajili ya mabenchi ya mbao za kreti. Umenivua nguo mbele za watu, na sijui nimekukosea nini.

Nimewaza sana. Nadhani hukutaka nyumba iingie mikononi mwa Kamati tangu mwanzo, ila hukuwa na moyo wa kuniambia, ukaona heri kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Kama ndivyo, sema. Nimeumia kwamba mimi ndiye niliyetafutwa kudanganywa, mimi niliyekuamini toka nikiwa nashika sketi yako.

Niambie ukweli tu, uwe wowote. Ukikaa kimya nitakuja mwenyewe kuviondoa vitu hivyo, nyumba irudi kuwa ya Babu kabla ya kikao.

Kiroboto


(Muhuri wa posta: Aprili 27. Ndani ya bahasha mna ukurasa mmoja uliokunjwa vizuri. Hauna neno.)


Mei 14

Binti yangu Msanifu,

Nimerudi jana kutoka kwa dada. Nilimwandikia kumwomba ukweli, akanijibu kwa karatasi tupu. Karatasi nyeupe, imekunjwa, imetiwa kwenye bahasha. Katika maisha yangu nimenyamaziwa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kulipia stempu.

Basi nimekwenda na nimefanya nilichosema. Nimefungua kamba ya uani. Mabenchi yote mawili nimeyatoa, nimempa fundi viatu wa mtaani. Vizibo nimeving'oa vyote, na kabati la korido nimelirudisha sebuleni ninapolikumbuka mimi. Nimepiga deki na kupanga viti. Korido sasa imenyooka, unaona kutoka mwanzo hadi mwisho bila kitu njiani. Ukipita utaifurahia.

Dada alikuwa baridi. Alinipa chai yangu bila kukosea sukari, halafu akakaa kwenye kiti cha dirishani akatazama nje siku zote mbili. Hakunitazama usoni hata mara moja. Sikumuuliza kuhusu ile karatasi, naye hakuigusia. Nilipoanza kung'oa vizibo aliniuliza neno moja tu: "Umeamua?" Nikamwambia nimeamua. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Moyo unaniuma, sikufichi. Ila kazi imekwisha.

Mwalimu


Mei 20

Mwalimu,

Dada yako yuko salama, nianze na hilo. Ameanguka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kuvunjika kifundo cha mkono. Amefungwa plasta na yuko kwa jirani yake, yule mama mshonaji.

La pili ni gumu zaidi. Dada yako haoni.

Nilipita asubuhi kukagua kazi yako. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta kwenye korido, mkono mmoja ukutani, mwingine mbele yake chini, unatafuta. Alikuwa anatafuta benchi. Alisimama mahali lilipokuwa, akapapasa hewa, akarudi nyuma hatua moja, akapapasa tena. Niliita, akaona haya, akageuka haraka kwenda uani kana kwamba ana shughuli. Kamba haikuwepo.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nikipima tangu Februari. Benchi la kwanza lilimwambia kizingiti kiko karibu. La pili lilimwambia korido inakwisha. Kabati lilimzuia asipitilize mteremko. Vizibo vilimwambia kwa vidole yuko mlango wa chumba gani. Hata chokaa ya ukutani imelika kwa mstari mmoja, kimo cha mkono wake. Niliuchora mstari ule kwenye michoro yangu na pembeni nikaandika "unyevu". Najilaumu, maana kusoma kuta ndiyo kazi yangu.

Jirani anasema ni zaidi ya mwaka sasa. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Jirani ndiye anayemsomea barua zako, na aliapishwa asiseme.

Kamati sijaiambia kitu. Hilo ni lenu, si langu. Lakini kikao kiko karibu na wewe ndiye utakayeulizwa kama mtunzaji anaweza.

Msanifu


Mei 24

Dada,

Shikamoo. Najua sasa ni Jirani anayesoma. Jirani, salamu na asante, na usiruke mstari hata kama ni wa aibu kwangu.

Nimeng'oa macho yako kwa koleo. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuja, nikapiga deki, nikajipongeza, nikaondoka, nawe ukabaki kwenye nyumba niliyoizima taa. Nikikumbuka nilivyofurahia ile korido iliyonyooka natamani ardhi inimeze.

Lakini Dada, kwa nini? Nilikuuliza. Nilikuomba ukweli wowote, ukanijibu kwa karatasi tupu. Ungeniandikia mstari mmoja tu ningekuja na misumari badala ya koleo. Kweli hukuniamini kiasi hicho?

Sasa basi, uje kwangu. Siulizi tena. Nitatoa madaftari chumbani. Nyumba waachie Kamati, waweke mtu wao. Mkono leo, kesho nyonga, na mimi sitaweza kufundisha huku nikingoja habari ya nyonga.

Ndugu yako mwenye aibu,
Kiroboto


Juni 1

Kiroboto,

Marahaba. Anayeandika ni Jirani, kwa kuwa mkono wangu uko kwenye plasta. Nimemwambia aandike ninachosema bila kuongeza. (Naongeza hapa tu: anakula vizuri, analala vizuri, na ulimi haukuvunjika. Jirani.)

Aliponisomea barua yako akafika kwenye karatasi tupu, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Mdogo wangu, ile karatasi haikuwa tupu. Nilikaa kwenye taipureta asubuhi nzima. Nilikuandikia yote, ukurasa umejaa juu hadi chini, na nilifanya peke yangu kwa sababu mambo mengine huwezi kumwambia mtu ayaandike kwa niaba yako. Utepe ulikuwa umekauka. Uliniambia mwenyewe unafifia, nami nikamwagiza Jirani, dukani wakasema umekwisha, nikasahau. (Kweli. Nilikwenda mara mbili.) Nilisikia herufi zinagonga karatasi kama kawaida, nikakunja, nikafunga, nikafurahi kwamba mzigo umenitoka.

Kwa hiyo ulipokuja, nilijua unajua. Nilikaa dirishani nikingoja useme neno. Badala yake nikasikia koleo. Nikasema moyoni, mtoto huyu amesoma kwamba sioni, na ameamua kuninyang'anya nyumba kizibo kwa kizibo mpaka nikubali kwenda kukaa kwake. Ndiyo maana nilikuuliza umeamua. Ukasema umeamua. Nililia, Kiroboto, na si kwa ajili ya macho. Macho nilikwisha kuyalilia.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, najua. Lakini sikia nilichoficha na kwa nini. Ulinipa habari njema na sharti ndani yake: mtunzaji mwenye uwezo. Nilikuwa nimekwisha kujipangia nyumba yangu. Mbao za kreti aliniletea Jirani, kamba nilifunga mwenyewe, vizibo nilipigilia nikajigonga dole gumba mara nyingi kuliko msumari. Mlikuwa mnakuja kuviondoa. Nikaona kama ni vya Babu, hakuna atakayethubutu. Habari za nyumba ni kweli zote. Babu na Bibi walinuniana kweli na walicheka kweli, ila walikaa sakafuni. Nilichodanganya ni jina la fundi tu, nikamsingizia aliyekufa kazi ya aliye hai.

Sasa unaniambia nije kwako. Kwako ni ghorofani, korido zote sawa, milango yote sawa, hata harufu ni moja. Huko nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni mwenye nyumba asiyeona vizuri, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hapa nikiamka najua mlango wa mama kwa uzito wake na wa jikoni kwa ubaridi wa vioo. Babu hakujua, lakini alinijengea nyumba inayoshikika. Ukinitoa humu utanilisha na kunivisha, na nitakaa kwenye kiti chako kama mzigo uliosahauliwa na abiria.

Kamati usiwadanganye tena kwa ajili yangu. Nimeshiba uongo. Waambie ukweli. Wakisema niondoke nitaondoka, ila isiwe wewe uliyewaambia siwezi kabla hujaniona nikiweza.

Usije kwanza. Nina hasira kidogo zimebaki, nataka kuzimaliza peke yangu.

Dada
(Hasira zimekwisha tangu juzi. Anajikaza tu. Jirani.)


Juni 20

Dada,

Shikamoo. Baada ya barua yako nilichukua ile karatasi, sikuwa nimeitupa, nikaiinamisha dirishani. Alama za herufi zipo. Sikusoma yote. Nilisoma "mdogo wangu, usiogope", nikaikunja.

Kikao kilikuwa leo na naandika kabla sijavua viatu. Nilisimama nikasema historia niliyowaletea Machi ina uongo ndani yake na nimeleta nyingine. Nikasoma. Babu aliongeza chumba kila alipokuja mtu mwenye haja nacho, na aliyeongeza wa mwisho ni mjukuu wake, macho yalipofifia, kwa mbao za kreti na kamba ya nailoni. Nikasoma pia kwamba mimi nilikuja nikaviondoa, na siku ya tano au ya sita baadaye akaanguka.

Yule mjumbe wa maswali akauliza itakuwaje kipofu kutembeza wageni, na mgeni akianguka je? Msanifu akaomba kujibu. Akasema tangu Februari amewaona watu wengi wakipita kwenye ile korido, na aliyewahi kupita bila kujikwaa ni mmoja tu. "Hata wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "siku ile ya ukaguzi, kizingiti cha tatu." Jaji akakohoa. Akasema ni kweli, na kwamba kidole bado kinamuuma. Hapo ndipo nilipojua huyu mzee ana kicheko.

Hawakukubali moja kwa moja, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wamekupa mwaka mmoja. Jumamosi lazima Jirani awe pamoja nawe. Baada ya mwaka watakaa tena, na wakiona sivyo, wataweka mtu wao. Vitu vyako vyote virudishwe na viorodheshwe kama sehemu ya nyumba.

Mimi nilikuwa tayari kusema huwezi, Dada. Asubuhi naondoka nyumbani nilikuwa bado sijui nitasema nini nikiulizwa. Nilitaka uwe karibu yangu mahali pasipo na ngazi. Mwenyekiti aliponiuliza, "Wewe kama ndugu yake, anaweza?" nikajikuta nasema anaweza kuliko mimi. Nimetia sahihi. Bado naogopa, na nitaendelea kuogopa, lakini hiyo ni shida yangu na nitakaa nayo.

Shule zikifungwa nakuja. Fundi viatu amekubali kurudisha mabenchi, ingawa anasema wateja walishayazoea. Utasimama, utaniambia wapi, nami nitapigilia.

Kiroboto


Agosti 30

Kiroboto,

Marahaba. Mkono umefunguliwa, utepe ni mpya, na Jirani ameshasoma mstari huu wa kwanza akathibitisha kwamba upo. Kuanzia sasa kila ukurasa lazima aukague kabla haujafungwa. Amekuwa na kiburi cha ofisa wa posta.

Jumamosi nne zimepita. Wageni wanakuja wachache wachache. Nawaambia wafumbe macho wakifika mlango wa mama, wausukume kwa bega. Mzee mmoja aliusukuma, akasema kwao pia kulikuwa na mlango mzito. Mama mmoja alinifuata nyuma nyuma kunishika kiwiko nisianguke, halafu yeye ndiye akajikwaa, nikamshika. Mjumbe wa maswali amekuja pia, kimya kimya, akidhani sitamjua. Nilimjua kwa viatu. Alipoondoka aliniambia atarudi na mkewe, sikujua kama ni vitisho au ni sifa.

Kazi yako nimeikagua kwa vidole baada ya wewe kuondoka. Mabenchi ni sawa. Kamba ni sawa. Vizibo vya chumba changu umeweka vinne badala ya vitatu, nimekusamehe. Ila ile reli ya kushikia uliyoijenga kwenye ngazi ya nyuma, ambayo hakuna aliyekutuma, ukakataa kusaidiwa na fundi ukisema ni lazima uijenge wewe, ile reli ni kazi mbaya, mdogo wangu. Imepinda, na iko chini mno. Babu angeitazama, angemwita Bibi aje aitazame, halafu wangecheka wote wawili.

Msanifu alikuja jana kuorodhesha kila kitu. Tulitembea naye kutoka mlango wa mbele, yeye anauliza nani aliweka na lini, mimi najibu, na safari hii kila jibu ni la kweli. Tukafika kwenye reli. Alipima, akapima tena, akakunja futi kamba yake kwa adabu. Nikamwambia aandike kwamba imejengwa na mjukuu wa mwisho wa aliyeijenga nyumba, mwalimu, mwaka huu. Akaandika. Kisha akaniambia kwa upole kwamba fundi wake anaweza kuinyoosha kabla hajatia sahihi, maana ikishaorodheshwa hivyo ilivyo, hakuna atakayeruhusiwa kuinyoosha tena.

Nikamwambia atie sahihi.

Dada